Ndizi ya Mpishi

Mwanangu Namkunda,

Sikuulizi u hali gani, maana nakusikia hapo chumba cha pili ukigombana na zipu ya lile begi. Mama yako amelikalia ili lifunge na bado halifungi, na nyote wawili mnacheka. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda Mpanda kuanza kazi. Mambo ya kufunga mlango, kuchemsha maji ya kunywa na kupiga simu ukifika, mama yako amekwisha kukwambia mpaka umeyakariri. Mimi sitayarudia. Nataka kukuandikia habari za sufuria.

Usicheke. Baba yako ni mpishi, na kila alichokielewa duniani alikielewa akiwa ameshika mwiko. Tangu hujazaliwa napika ndizi nyama pale stendi ya Same, na kuna madereva wa mabasi ambao hawajui jina langu ila wananiita Mzee Ndizi. Leo mchana, Bibi yako alipokuwa anakupakulia, kuna jambo lilitendeka mbele ya macho yako na hukuliona. Hukuwa na namna ya kuliona. Ningekwambia kwa mdomo, lakini najijua: nikifika katikati ningesingizia kwenda kuangalia moto. Kwa hiyo naandika.

Nianzie pale ulipoacha nyama. Ulirudi likizo kutoka chuoni, nikakuwekea sahani yako, ukaisogeza pole pole ukasema, "Baba, samahani, siku hizi nyama sili." Nikauliza kama unaumwa, ukasema hapana. Mama yako akauliza kama umehamia dini nyingine, ukasema hapana. Mimi nikabaki na maswali yangu mengine ambayo sikuyatoa, likiwemo la mchumba. Mtu anasomea mifugo, halafu hali mifugo! Pale stendi nikapata watani wa bure. "Ninyi Wapare bwana, mmemwachisha mtoto nyama ili mbane matumizi." Nilicheka nao. Ukiwa Mpare usipojifunza kucheka utani huo, utazeeka mapema.

Jibu ulinipa siku nyingine kabisa, tukiosha vyombo, wala sikuwa nimeuliza. Ulisema, "Hakuna sababu kubwa, Baba. Siku moja nilikuwa natafuna, nikajisikia natafuna. Basi, hamu ikakatika." Nimelifikiria jibu hilo kuliko unavyodhani. Nilijaribu hata mimi kujisikiliza nikitafuna. Nilisikia meno tu. Lakini nilikuamini, na nikaona ni jibu la mtu mkweli, kwa sababu mwongo angetafuta sababu nzuri zaidi.

Aliyepata tabu ni Bibi yako. Unajua nyumbani kwetu sufuria ya ndizi nyama haipakuliwi ovyo. Bibi ndiye anayeshika upawa kila anaposhuka kutoka Chome, na kila mtu ana kipande chake: shingo ni ya mkubwa wa wanaume waliopo, ubavu ni wa mama mwenye nyumba, na figo ni ya mtoto, nayo imekuwa yako tangu ulipoota meno. Ulipoacha nyama, Bibi hakuacha kukuwekea. Kila alipopakua alitoa figo kwanza, akaifunga kwenye kipande cha jani la mgomba, akaiweka kando. "Hamu ikimrudia ataikuta," alisema. Paka wa nyumba hii amenenepa kwa figo zako. Na wewe ulikuwa pale pembeni na kisufuria chako cha maharage, unakula mgongo ukiwa umeugeuza kidogo, kwa adabu, ili usimkere mtu.

Siku moja Bibi aliniambia, "Mtoto ametoka kwenye chungu." Hakusema kwa hasira. Alisema jinsi mtu anavyosema mvua imekatika. Iliniuma sana, Namkunda. Nikajiambia kabla hujaondoka nyumbani, lazima uwe umekula mara moja kutoka sufuria moja na bibi yako, ndizi nyama isiyo na nyama, na iwe tamu kweli, si ya kuoneana huruma.

Unajua nilivyoanza? Nilipika kama kawaida, nikaopoa nyama yote, nikakuletea zilizobaki. Kwa mtu wa kwetu hiyo ndiyo maana ya kutokula nyama. Si hujaiona? Basi haipo, kula mchuzi! Ulinusa mara moja tu, ukaniangalia. "Baba, mfupa umelala humu." Nikasema umelala lakini umekwisha kuamka na kuondoka. Ulicheka, lakini hukula.

Nikajaribu nyama ya soya ya dukani, ile ya pakiti. Sitaki kuizungumzia. Nikajaribu uyoga alioniletea mtu kutoka milimani wakati wa mvua. Huo ulikuwa mzuri, lakini mvua ilipokatika nao ukakatika. Kisha mtu wa Maore akanishauri fenesi bichi. Hakuniambia kwamba fenesi bichi lina utomvu kama gundi na kwamba mikono hupakwa mafuta kwanza. Kisu kikaning'ang'ania, mlango ukaning'ang'ania, na mchungaji alipopita kunisalimia alikaa na mkono wangu muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Lakini fenesi lilikubali! Lilichambuka nyuzi nyuzi. Dereva mmoja alilila akaomba kijiti cha meno, akauliza, "Mzee Ndizi, huyu mbuzi wa wapi, mbona laini?" Nilitembea kuja nyumbani nikiwa nimeshinda dunia. Nikakuwekea. Ukala kijiko kimoja, cha pili kikaishia njiani. Ukasema taratibu, "Baba, imefanana mno. Ndiyo maana siiwezi."

Sikulala vizuri siku ile. Nilikuwa natafuta kitu cha kufanana na nyama, na kumbe anayetaka ifanane ni mimi. Wewe hukuwahi kuniomba nikudanganye.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Tanga. Nilipoondoka Chome nikiwa kijana, nilikwenda Tanga kujifunza upishi, nikapanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Siku ya kwanza alinikaribisha akaniwekea wali na papa. Mimi mtoto wa mlimani, papa nilikuwa namjua kwa kusikia tu. Harufu ilipanda, nami nikasema mbele ya watoto wake, "Sisi kwetu hatuli vitu vinavyonuka hivi." Yule mama alichukua kawa, akaifunika sahani, akainuka. Nilikaa pale kwake muda mrefu, na hata Idi ilipofika alinisalimia vizuri, ila hakuniita tena kwenye mkeka wake.

Mpaka leo papa simli, wala sijutii kutomla. Kosa langu lilikuwa kumfanya mwenye chungu aone chungu chake kimehukumiwa. Nimeyaleta haya kwa sababu huko uendako wewe ndiye afisa mifugo. Utamponya ng'ombe wa mtu, na mtu huyo atamkimbiza jogoo wake wa pekee ili akushukuru. Utasemaje? Sijui, mwanangu. Nimewaza maneno mengi na yote yana ukakasi. Ninachodhani ni kwamba anayeweza kukataa chungu cha watu bila kuwaumiza ni yule ambaye naye anacho chungu cha kuwakaribishia. Mimi Tanga sikuwa nacho. Ningemwambia yule mama, "Papa simwezi, lakini Jumapili njoo ule ndizi zangu," nadhani ningeendelea kuitwa. Sikuwa najua kupika hata ndizi. Nilikuwa najua kukataa tu.

Basi nikarudi kwenye sufuria, safari hii nikiuliza swali jingine. Sikuuliza tena nini kinafanana na nyama. Nikauliza: tunapoila ndizi nyama tukafumba macho, tunafurahia nini hasa? Siku hiyo nilikuwa kituko. Niliweka sufuria ya kawaida motoni nikaionja kila mara tangu mwanzo, kama mtoto anayechungulia chungu. Mwanzoni ni maji ya chumvi na mbuzi. Katikati ni maji ya chumvi na mbuzi. Tangawizi ya kutoka Mamba inapiga kelele peke yake, kitunguu unakiona kinaelea. Ikaendelea hivyo hivyo, nikaanza kuchoka. Halafu ghafla nikaonja, na nilikuwa jikoni kwa mama yangu Chome, moshi machoni, miguu mitupu. Nikaangalia ndani ya sufuria kimebadilika nini. Kitunguu kilikuwa kimetoweka. Tangawizi ilikuwa imetulia.

Nikakaa juu ya gunia la mkaa nikacheka. Katika yale majaribio yangu yote kitunguu hakikuwahi kutoweka! Uyoga unaiva upesi, fenesi linaiva upesi, soya ndiyo usiseme. Hakukuwa na mbuzi wa kungojewa, kwa hiyo sikungoja. Miaka yote nilidhani nyama inanipa ladha, na inatoa kweli, sikatai. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa kunishika mkono nisiharakishe.

Basi ni kitu gani kingine kinachokawia motoni kama mbuzi mzee? Ngwara. Zile punje nyeusi za jamii ya maharage, zenye mstari mweupe, ngumu, ambazo mtu mvivu hazipiki. Nikanunua, nikazibandika siku hiyo hiyo, nikasubiri kwa uvumilivu wa mtakatifu, nikaonja. Chungu kama mwarobaini! Nilimwita mama yako, akaonja akatema nje ya mlango. "Hukumwaga maji ya kwanza," akasema. "Ngwara huloweshwa, zikachemka kwanza, maji yakamwagwa. Hata mtoto mdogo wa kwetu Maore analijua hilo." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia aliponiona nazibandika. Akasema, "Hukuniuliza. Ulikuwa mtaalamu."

Namkunda, umuulize mama yako mambo. Mimi nimechelewa.

Zilipokubali, zilikubali kweli. Mchuzi wake ni mweusi na mzito. Kitunguu nakichoma kwanza kwenye mkaa mpaka ganda liungue, ili moshi uwepo. Nyanya zinafuata, tangawizi, mwisho ndizi mshare kutoka Chome, na kijiko cha samli ya wafugaji wa kijiji cha Kisiwani ili midomo iteleze. Maziwa unakunywa, kwa hiyo samli niliona haina kesi.

Sasa kuna siri moja ya kazi sijakueleza, na ndiyo iliyonikalisha hapa. Sisi tunapokata ndizi za kupika, moja haikatwi. Inaachwa nzima, inawekwa katikati ya sufuria. Vipande vinaweza kukudanganya, vya juu vimeiva na vya chini bado, lakini ile nzima ikiiva mpaka moyoni ujue chakula kimeiva. Mpishi huitoa akaila jikoni akiwa amesimama, kabla sufuria haijatoka. Kwetu inaitwa ndizi ya mpishi. Haigawiwi. Babu yako alikuwa mtu mkali ambaye alichukua shingo, na mkia, na chochote alichotaka, lakini ndizi ya mpishi hakuwahi kuigusa, kwa sababu mpishi alikuwa mke wake, Bibi yako, na ilikuwa yake. Bibi alipoanza kuchoka akaniachia mimi mwiko, ikawa yangu. Ndiyo maana kwenye mgao sina kipande, hata shingo nawaachia wageni, na hujawahi kuniona nikilalamika. Mimi huwa nimekwisha kula.

Leo sikuila. Niliogopa. Kila nilipopeleka kijiko nilijiambia, kama imeharibika ni afadhali nisijue mbele ya mama yangu. Niliibonyeza tu, nikaona imelegea, nikaiacha humo, nikafunika.

Mengine uliyaona. Bibi alishuka na gari la asubuhi, ukampokea na shikamoo, naye akasema, "Marahaba, mke mwenzangu. Umekonda, ni hayo majani yako." Nikaleta sufuria. Akafunua.

"Nyama iko wapi?"

"Haipo, Mama."

"Haipo au imekwisha?"

"Haipo. Haikuwahi kuwemo."

Ukatazama mkeka. Mama yako akaanza kuhangaika na mtungi wa maji ambao ulikuwa umejaa. Bibi akashika upawa akasimama nao, na mimi nilielewa kwa nini. Hakuwa amekasirika. Hakujua aanze na nani. Maisha yake yote amepakua kwa vipande, na leo hapakuwa na shingo, wala ubavu, wala figo ya kufunga kwenye jani. Akakoroga pole pole kama anayetafuta kitu kilichomwanguka. Upawa ukagonga kitu kizima.

Akaiinua kidogo, akaniangalia. Nilikuona ukiuma mdomo, ukadhani ananisuta. Hapana, mwanangu. Mama yangu, ambaye hajawahi kuniomba ruhusa ya jambo lolote tangu anizae, alikuwa ananiomba ruhusa. Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akaiweka kwenye sahani yako, wewe wa kwanza, kabla ya watu wazima wote. Ukauliza, "Bibi, mbona mimi nimepata nzima?" Akakujibu, "Kula, usiulize."

Ukala. Ukafuta sahani. Ukaongeza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiangalia kila tonge lako, na moyo wangu ulifurahi mpaka nikaona aibu.

Ulipokwenda kupanga nguo, Bibi alinifuata jikoni. Alisimama akiangalia sufuria.

"Ngwara ulimwaga maji ya kwanza?"

"Nilimwaga, Mama."

"Bado si ndizi nyama."

"Najua."

"Basi usiibebeshe jina la watu. Itafutie lake." Kisha akasema, "Iliyobaki nifungie kwenye hotpoti, niende nayo Chome."

Nikamfungia. Lakini nilitaka kujua, na safari hii nikauliza. "Mama, kwa nini ile ndizi? Sehemu yake ilikuwa figo."

Alikuwa anafunga khanga yake. Hakugeuka. "Figo ni ya mtoto," akasema. "Huyu anayeondoka kesho si mtoto."

Hicho ndicho ambacho hukukiona. Ulikula sehemu ya mpishi, na aliyekupa ndiye mwenye nayo wa kwanza. Sikuwa nimepanga. Nilitaka tu urudi kwenye chungu chetu kabla hujaondoka, na Bibi akakupa chungu chenyewe.

Zipu yako haifungi kwa sababu chini ya masweta kuna mfuko wa ngwara. Niliuweka mimi wakati mnaongea, msililaumu begi. Mshare sijui kama huko zipo. Nataka kujua ndizi za Mpanda zikoje, kama ni ngumu, kama zina utomvu mwingi, kama zinalegea au zinavurugika. Nataka kujua jina utakalokipa chakula hiki. Uniandikie, au unipigie nikiwa jikoni, nitaweka simu karibu na moto. Na siku yule mwenye jogoo atakapokukaribisha, ukamjibu vizuri, ukamwalika naye aje kwako, bandika ngwara mapema. Usikate ndizi zote. Ile nzima iweke katikati, na ikiiva, uile jikoni, ukiwa umesimama, kabla hujamwita mgeni.

Ni mimi baba yako, ambaye leo nimekula bila ndizi yangu na nimeshiba.